Shajara ya mradi: C200 Kompressor ya mwaka 2008, Mwanza, Januari hadi Julai 2025

Jumamosi, 11 Januari. Nyegezi

Leo nimemaliza kumlipa baba mkubwa shilingi 8,500,000, naye amenikabidhi kadi ya gari, ufunguo mmoja na bahasha nene ya risiti. Gari lenyewe ni Mercedes-Benz C200 Kompressor ya mwaka 2008, lililoingizwa nchini likiwa limetumika Japani, lenye injini ya M271 ya cc 1,796 yenye supachaja na giaboksi ya otomatiki ya gia tano. Limesimama chini ya mwembe wake kwa miezi 14. Asubuhi moja aliingiza ufunguo, akauzungusha, na dashibodi haikuwaka hata taa moja. Fundi aliyeitwa siku ile alisema kompyuta imekufa na akataka shilingi milioni tatu, na hapo baba mkubwa akakata tamaa.

Jioni nimezipanga risiti mezani kwa tarehe, kwa kuwa uhasibu ndiyo kazi yangu na sijui njia bora ya kumwelewa mgonjwa asiyesema. Katika miaka mitatu ya mwisho gari lilikuwa linamisi, linakula petroli na kuwasha taa ya injini. Kwa ajili ya hayo lilinunuliwa sensa ya oksijeni kwa shilingi 380,000, koili nne kwa 480,000, pampu ya petroli kwa 420,000 na throto iliyotumika kwa 350,000. Jumla ni shilingi 1,630,000, na baada ya kila risiti inafuata nyingine yenye malalamiko yale yale. Oili ya injini, katika kipindi chote hicho, ina risiti mbili tu.

Baba mkubwa ameniambia, "Mwanangu, gari hili ni zuri, lakini limenila." Ninaamini sehemu ya kwanza ya kauli yake. Kuhusu sehemu ya pili, risiti zinanionyesha kwamba kilichomla ni kubahatisha. Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja na kuliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: hakitanunuliwa kipuri chochote kabla ya kuonekana, kwa macho au kwa kipimo, kwamba kilichopo kimekufa. Bajeti yangu ya matengenezo ni shilingi 7,000,000, na lengo ni gari lifike Sengerema kwa mama na kurudi bila wasiwasi.

Jumamosi, 18 Januari. Mabatini

Gari limevutwa kutoka Nyegezi hadi gereji ya Mabatini kwa shilingi 60,000. Fundi ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nimemwamkia, "Shikamoo Mzee," akaniitikia na kuongeza "Mwangaluka" kwa Kisukuma. Kabla hajagusa chochote aliomba kuziona risiti, na kwa jambo hilo peke yake nimejua nimefika mahali sahihi.

Tumefunga betri mpya ya shilingi 380,000, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imevimba. Dashibodi bado ilikuwa giza. Mzee akaugeuza usukani kushoto na kulia, nao ukazunguka bila kizuizi ingawa ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Katika gari lisilo na hitilafu, ukiondoa ufunguo kifungio cha usukani hujifunga, na ukiuingiza husikika mlio mfupi wa mota ndogo iliyomo ndani ya nguzo ya usukani ikikifungua. Kompyuta husubiri taarifa kwamba kifungio kimefunguka ndipo iruhusu umeme. Katika magari ya aina hii, yaani W204, mota hiyo ndogo huchoka, na siku inapokufa gari zima huonekana kama limekufa, ilhali injini, giaboksi na kompyuta ni vizima.

Mzee aliinamisha sikio karibu na nguzo, akaniambia niingize ufunguo, kisha akagonga taratibu kwa mpini wa bisibisi uliozungushiwa kitambaa. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu ukasikika mlio, na taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja kama mji uliorudishiwa umeme. Tulizima, tukajaribu tena, ikawa kimya. Hiyo imetosha kuwa ushahidi. Kompyuta ya milioni tatu haikuwa na kosa lolote.

Jumamosi, 1 Februari

Kifungio kimetolewa hapa kwa ufundi wa shilingi 120,000. Kwa bahati kilikwama kikiwa wazi, maana kingekwama kikiwa kimefungwa, kazi ya kukitoa ingekuwa ndefu mno. Kifungio, swichi ya kuwashia na ufunguo vimesafirishwa kwa basi hadi Dar es Salaam, kwa mtaalamu wa funguo anayefanya kazi jirani na Gerezani, Kariakoo. Njia zilikuwa mbili: kifungio kipya, ambacho lazima kisajiliwe kwenye gari husika, au emuleta, kifaa kidogo kinachoijibu kompyuta kama kifungio ambavyo kingejibu. Nimechagua emuleta kwa shilingi 650,000 pamoja na usajili, nikijua kwamba kuanzia sasa usukani hautajifunga wenyewe na nitahitaji kinga nyingine ya wizi. Mizigo kwenda na kurudi ni 30,000.

Safari ya barabara kutoka huku hadi Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja, na kila mwenye gari la aina hii Kanda ya Ziwa anaifahamu kwa gharama zake. Spea za magari mengi ya Kijapani zinapatikana mitaa miwili mitatu katikati ya mji. Za gari hili huagizwa, na anayeagiza kwa kubahatisha hulipa nauli mara mbili.

Jumla hadi leo: 1,240,000.

Jumamosi, 8 Februari

Injini imewaka leo. Kabla ya hapo tulinyonya petroli yote ya zamani, tukatoa plagi na kuizungusha injini kwa mkono ili oili ifike inakotakiwa. Ilipowaka ilitoa sauti ya mkwaruzo upande wa mbele, kama mnyororo wa baiskeli uliolegea, kwa muda wa sekunde tano hivi, kisha ikanyamaza. Mzee hakusema neno, ila alinitazama, nami nikaandika sauti hiyo daftarini.

Taa ya injini imewaka papo hapo. Kompyuta ya kupimia imeonyesha P0016, maana yake mzunguko wa krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na wa kamshafti, inayofungua valvu, haupatani, na P0171, maana yake injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Kijana wa gereji alipendekeza tufungue moja kwa moja cheni inayounganisha krenki na kamshafti. Mzee alikataa, na sababu yake inafaa kuandikwa kama alivyoisema: kompyuta haioni cheni, inaambiwa tu na sensa, na shahidi akiwa mgonjwa ushahidi wake hauchukuliwi mpaka apone.

Jumamosi, 15 Februari

Hii ndiyo siku niliyojifunza mengi kuliko zote.

Mbele ya kichwa cha injini ya M271 kuna sumaku mbili za umeme zinazoongoza gia za kamshafti, na jirani yake kuna sensa zinazosoma mzunguko. Zikizeeka, oili hupenya katikati ya plastiki na chuma na kutokea kwenye pini za soketi. Haiishii hapo. Waya ni nyuzi nyingi za shaba zilizosokotwa ndani ya ganda la plastiki, na oili ya moto hupanda katikati ya nyuzi hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kandili, hadi inafika kwenye soketi nyingine mbali kabisa na ilikoanzia, hata kwenye kompyuta ya injini.

Mzee alichomoa soketi ya sumaku ya kwanza na kunipa kipande cha pamba kilichoviringishwa kwenye kijiti. Nilipangusa ndani ya soketi mwenyewe. Pamba ilitoka nyeusi na nzito kwa oili. Tukafuata waya hadi soketi ya sensa ya oksijeni, ile ile iliyonunuliwa kwa shilingi 380,000, nayo pamba ikatoka na rangi ya kahawia. Nilinyamaza kwa muda. Baba mkubwa alinunua sensa mpya na kuichomeka kwenye waya uliokuwa umejaa oili, na fundi aliyeifunga hakutazama ndani ya soketi. Koili, pampu na throto zilifuata baadaye kwa sababu taa haikuzimika.

Kompyuta ya injini tuliichomoa kwa hofu. Pini zake ni kavu, isipokuwa mbili zenye unyevu mwembamba ambazo tumezisafisha kwa dawa ya kusafishia umeme. Tumefika kwa wakati. Oili ikikaa humo miaka mingine miwili, hakuna hesabu yangu ambayo ingeliokoa gari hili.

Nyongeza ya baadaye: hapa lazima niandike kosa langu, kwa kuwa shajara isiyo na makosa haimsaidii anayeisoma. Kwa haraka ya kutaka kuendelea, nilinunua sumaku mbili hapa mjini kwa shilingi 45,000 kila moja, zikiwa kwenye boksi lenye nyota. Baada ya siku tisa moja ilianza kuvuja kuliko ile tuliyoitoa. Shilingi 90,000 zimepotea, na soketi tulizosafisha zilisafishwa upya.

Jumamosi, 8 Machi

Sumaku mbili za uhakika zimefika kutoka Dar kwa shilingi 135,000 kila moja, sensa mbili za kamshafti kwa 95,000 kila moja, na vipande viwili vifupi vya waya vinavyofungwa kati ya sumaku na waya mkuu, vya shilingi 40,000 kila kimoja. Kazi ya vipande hivyo ni kujitoa mhanga: sumaku ikianza tena kuvuja, oili itaishia humo, na utabadilisha kipande badala ya nyaya zote za injini. Ufundi ni 60,000.

P0171 ilikuwa na chanzo chake. Chini ya manifoldi ya kuingizia hewa kuna mipira ya kupumulia ya injini, inayorudisha mvuke wa oili ili uchomwe tena. Mpira mmoja ulikuwa umelainika hadi ukikandamizwa haurudi, na mwingine una ufa mrefu kama wembe uliopita. Hewa isiyopimwa ilikuwa inaingilia hapo, na ndiyo sababu ya kumisi na kula petroli. Seti ya mipira ni 160,000, gasketi za manifoldi 45,000, na ufundi 120,000 kwa kuwa lazima manifoldi ishushwe. Nimeuweka ule wenye ufa kwenye bahasha ya risiti za baba mkubwa.

P0171 haijarudi tangu jana. P0016 imerudi asubuhi ya leo. Sasa shahidi amepona na bado anasema neno lile lile, kwa hiyo tunamwamini.

Jumla hadi leo, pamoja na zile 90,000 zilizopotea: 2,255,000.

Jumamosi, 5 Aprili

Kifuniko cha juu cha injini kimefunguliwa. Cheni ya M271 ni ya safu moja, nyembamba kwa kazi inayofanya, na inapozungushwa ndani ya oili iliyochoka, pini zake hulika kidogo kidogo mpaka cheni nzima inarefuka. Ikirefuka huanza kuyalamba meno ya gia za kamshafti. Nilipomulika kwa tochi niliyaona: meno yaliyopaswa kuwa na ncha butu yalikuwa yamechongoka kama miiba ya mgongo wa sato. Puli ya krenki ilipowekwa kwenye alama yake, alama ya kamshafti ya kuingizia hewa ilikuwa imesogea karibu nusu ya upana wa jino. Ile sauti ya sekunde tano ya mwezi Februari ndiyo hii. Asubuhi injini ikiwa baridi, kikaza cheni hakijapata shinikizo la oili, na cheni ndefu hupigapiga hadi oili ifike.

Mwenye gari la aina hii anayesikia sauti hiyo asubuhi asimruhusu mtu yeyote amwambie kwamba ni kawaida ya Mercedes. Cheni ikiruka meno ya kutosha, valvu hukutana na pistoni, na hapo hesabu inahama kutoka cheni kwenda injini nzima.

Gia za kamshafti mbili zimeagizwa kwa shilingi 620,000 kila moja. Nilishawishiwa kununua zilizotumika kwa chini ya nusu ya bei, na nimekataa, kwa kuwa gia iliyotumika imetoka kwenye injini yenye ugonjwa huu huu. Cheni ni 210,000, kikaza cheni 95,000, gasketi ya kifuniko 75,000, oili lita sita zenye kibali cha Mercedes cha 229.5 kwa 240,000, na filta 35,000.

Kazi ya kupitisha cheni mpya imechukua sehemu kubwa ya siku. Haihitaji kushusha sehemu ya mbele ya injini, ila inahitaji mikono mitatu iliyotulia. Mzee alijaza vitambaa safi kila tundu lililoelekea chini, akakata pini ya kiungo kimoja cha cheni ya zamani kwa grainda ndogo, akapangusa vumbi lote la chuma kwa sumaku, kisha akaiunga cheni mpya kwenye mkia wa ile ya zamani. Kijana aliizungusha krenki kwa spana taratibu, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Mimi nilipewa kazi ya kuishika cheni mpya ikiwa imekazwa wakati inaingia, na Mzee akiivuta ya zamani inapotoka.

"Kaza, binti yangu, usilegeze hata kidogo," alikuwa akirudia. "Ikiteleza huko chini, tunaifungua injini yote."

Niliona viungo vikavu vya rangi ya fedha vikizama kimoja baada ya kingine upande wangu, na vyeusi vikitoka upande wake, hadi ncha mbili za cheni mpya zikakutana juu. Alizifunga kwa pini na kuigongea kichwa. Kisha tukaipima cheni ya zamani kwa kuilaza sambamba na kipande cha ile mpya juu ya benchi, na kwa idadi ile ile ya viungo ilizidi kwa upana wa kucha. Injini ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, na alama zote zikarudi mahali pake. Ufundi ni 400,000, nami nimeulipa bila kuomba punguzo.

Imewashwa saa kumi na moja jioni. Hakuna mkwaruzo. P0016 imefutwa.

Gharama ya kazi hii peke yake: 2,295,000. Jumla hadi leo: 4,550,000.

Jumapili, 20 Aprili

Kipimo cha joto kinasimama chini ya nyuzi 80 hata baada ya safari ya Igoma na kurudi. Kompyuta imetoa P0128: thamostati imekwama ikiwa wazi. Watu wengi husema injini ya baridi ni heri, na mafundi wengine huing'oa thamostati kwa makusudi kwa sababu ya joto letu. Sikubaliani nao. Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi, huchafua oili haraka, na oili chafu ndiyo iliyotufikisha kwenye cheni. Thamostati ni 180,000, maji ya rejeta yenye kizuia kutu 70,000.

Mbele ya rejeta tulikuta jambo la huku kwetu. Wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopanda angani kama moshi walikuwa wamejikandika kwenye mapezi ya kondensa ya kiyoyozi, tabaka juu ya tabaka, pamoja na vumbi, hadi mwanga wa tochi haukupita. Kuosha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje ni shilingi 30,000. Anayekaa jirani na ufuko afanye hivyo kila mwaka.

Jumla: 4,830,000.

Jumamosi, 10 Mei

Giaboksi imeanza kusema. Wiki iliyopita, nikipanda kwenda Bugando gari likiwa limepata moto, ilijifunga kwenye gia ya pili na haikubadilika tena mpaka nilipozima na kuwasha. Imefanya hivyo mara tatu. Hii ni giaboksi ya 722.6, ambayo kwa mwili wake ni imara na hudumu sana ikibadilishiwa oili. Udhaifu wake unajulikana, uko kwenye umeme.

Kipimo kimeonyesha kwamba sensa ya kasi iitwayo N3, iliyomo ndani ya giaboksi, inapoteza taarifa giaboksi ikipata joto. Sensa hizo zimejengwa ndani ya bamba la umeme lililolala juu ya valvu bodi, sehemu inayoelekeza oili ya kubadilishia gia, na haziuzwi peke yake. Lakini kwanza tumetazama soketi kubwa ya pini 13 inayoingia ubavuni mwa giaboksi, kwa kuwa mipira yake ya kuzuia oili hukakamaa, na oili ya giaboksi husafiri kwenye waya hadi kompyuta yake kwa njia ile ile tuliyoiona kwenye injini. Pamba imetoka nyekundu. Kompyuta ya giaboksi, kwa rehema za Mungu, ilikuwa kavu.

Soketi ni 55,000, bamba la umeme 580,000, filta na gasketi 90,000, oili lita nane kwa 38,000 kila lita, jumla 304,000, na ufundi 180,000. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia. Mrija upo, lakini umefungwa kwa kizibo, na kipimo ni kifaa cha fundi kinachosomwa oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Tulisubiri lifike joto hilo ndipo tukaongeza kidogo kidogo. Kujaza kwa kukisia hapa ni kuiua giaboksi nzima.

Jumla: 6,039,000.

Jumamosi, 7 Juni

Mauntingi mbili za injini, yaani vishikizo vyake vya mpira, zilikuwa zimepasuka na kumwaga maji yake ya ndani. Ndiyo maana gari lilikuwa linatetemeka likisimama kwenye taa huku limewekwa kwenye gia. Mbili ni 380,000, ya giaboksi 85,000, ufundi 70,000.

Taa ya nyuma ya kulia ilikuwa inafifia nikikanyaga breki. Pini ya ethi, yaani ya kurudishia umeme, kwenye soketi yake ilikuwa imeungua na kugeuka kahawia. Ugonjwa huu unajulikana kiasi kwamba mwaka 2014 magari ya toleo hili yaliitwa kurekebishwa nchini Marekani kwa ajili yake. Pini mpya na waya mnene zaidi wa ethi ni shilingi 40,000. Usichelewe kuutazama, kwa kuwa plastiki huyeyuka na taa nzima ni ghali.

Redio bado inasikia stesheni chache tu, kwa kuwa redio ya Japani huanzia masafa ya 76 na kuishia 90, na nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Hiyo inaweza kusubiri.

Jumla: 6,614,000.

Jumamosi, 28 Juni

Kwenye matuta ya njia ya Kisesa kulikuwa na mlio mfupi wa kugonga mbele kushoto kila nikifunga breki. Bushi, yaani mipira, za mikono inayoshika magurudumu ya mbele zimechanika pande zote mbili, na linki za stabilaiza zimelegea. Mikono miwili ni 330,000, linki mbili 90,000, ufundi 60,000, na kupanga magurudumu 40,000.

Jumla ya matengenezo imefika 7,134,000, yaani nimezidi bajeti kwa 134,000, na kati ya hizo 90,000 ni za zile sumaku mbili za bandia. Pamoja na bei ya kununulia, gari limenigharimu 15,634,000.

Jumamosi, 12 Julai. Sengerema

Tumetoka Mwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na baba mkubwa, ambaye niliomba aendeshe yeye. Usagara tulisimama kuongeza petroli, kisha Kigongo. Daraja la kutoka hapo hadi Busisi lilifunguliwa mwezi uliopita, tarehe 19 Juni, na gari ambalo zamani lingesubiri kivuko likiwa limewashwa, kipimo cha joto kikipanda na mwenye gari akikitazama, leo limevuka kilomita tatu za maji bila kusimama. Sindano ya joto ilikaa mahali pamoja. Gia zilibadilika bila kugutuka, na mlima wa kutoka Busisi tuliupanda na gia ya nne. Baba mkubwa hakuzungumza sana njiani. Alipofika kwa mama alizima gari, akakaa kidogo, kisha akaliwasha tena na kuinamisha sikio kusikiliza.

"Limenyamaza," alisema.

Mama alituandalia sato na ugali. Kabla ya kurudi nilifungua boneti, nikasubiri injini ipoe, nikachomoa soketi ya sumaku ya kwanza na kupangusa ndani yake kwa pamba kwenye kijiti, kama nitakavyofanya kila baada ya kilomita elfu moja. Baba mkubwa alisimama kando yangu akitazama. Pamba ilitoka nyeupe.